Betri ya Ndani au ya Kutoa? Somo kwa Kikundi Kinachotaka Laptopu



Vikundi vingi siku hizi vinataka laptopu ya kuwekea hesabu za akiba, majina ya wanachama na barua. Ni jambo jema. Lakini pesa hizo ni za wote, za mvuvi na za mama muuza samaki. Kwa hiyo leo tutazame jambo ambalo wanunuzi wengi husahau kuuliza, yaani betri.

Kwa wenzetu wa Mkwiro jambo hili ni zito zaidi. Wako kisiwa cha Wasini, na kumtafuta fundi ni kuvuka kwa boti hadi Shimoni, kisha kushika barabara. Ni nauli, na siku nzima ya kazi imekwenda.

Aina mbili

Betri ya kutoa hushikwa na vishikizo chini ya mashine. Ukivisukuma inatoka, bila bisibisi. Zamani laptopu nyingi zilikuwa hivyo. Betri ya ndani imefichwa chini ya mfuniko wa skrubu, na nyingine zimebandikwa kwa gundi. Laptopu mpya nyingi ni za aina hii kwa sababu huwa nyembamba na nyepesi.

Zote huchoka. Betri ya lithiamu ya kawaida hupungua nguvu waziwazi ikishachajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500 hivi, na joto huiharakisha. Basi tuulize mapema: ikichoka, nani ataibadilisha?

Ipi itatufaa?

Ya kutoa, katibu ataibadilisha mwenyewe. Siku ya mkutano mrefu mwaweza kuja na mbili zilizojaa. Ubaya wake ni kwamba laptopu hizi sasa nyingi ni mitumba, na betri mpya ya mashine ya zamani huenda isipatikane, au ikapatikana ya bandia.

Ya ndani huja na mashine mpya zaidi, lakini ikichoka ni safari ya kwa fundi.

Ziko pia za katikati. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri moja ndani na nyingine ya kutoa. Na huko Ulaya, sheria ya mwaka 2023 inataka kuanzia 18 Februari 2027 vifaa vya namna hii viwe na betri ambayo mwenyewe anaweza kuitoa.

Ushauri wetu: fundi akiwa mbali, chagueni ya kutoa, mradi betri yake mpya mmeiona dukani. Kama haipo, chukueni ya ndani yenye skrubu, si ya gundi.

Kabla ya kulipa

1. Chomoeni chaja, tumieni mashine nusu saa, mtazame nguvu imeshuka kiasi gani.
2. Andikeni namba ya betri, muulize maduka ya Ukunda au Mombasa kama ipo na bei yake.
3. Jumlisheni bei hiyo na ya laptopu. Rahisi ni ghali.
4. Tengeni akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya betri ijayo.

Hatari

Betri ikivimba, acheni kuchaji mara moja. Msiitoboe, msiitupe motoni wala baharini. Ipelekeni kwa fundi.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kikundini atakayetunza laptopu isiachwe juani wala kwenye maji ya chumvi?
2. Betri ikifa mwezi ujao, pesa zitatoka wapi?
3. Hesabu zetu zimeandikwa pia kwenye daftari?