Chukudu yenye mzigo: mwendo hupangwa juu ya mlima

Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikishashika kasi na magunia ya viazi mgongoni, breki yake haiwezi tena kuituliza. Kijana anayeanza kazi hii katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, alijue hilo kabla hajafundishwa kusukuma wala kukata kona. Mwendo wa kushukia hupangwa huku juu, chombo kikiwa bado kimesimama.

Tangu miaka ya 1970 chukudu zimeibeba Kivu Kaskazini: makaa, mbao, maharagwe, kabichi, mpaka Goma, ambako mwaka 2009 zilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Ni heshima inayostahili. Lakini chombo hiki hakina injini. Mlima ndio unaokiendesha, na barabara ya Masisi hushuka Sake, kando ya Ziwa Kivu lililo kwenye mita 1,460, ikitoka kwenye milima yenye vilele vinavyopita mita 2,000.

Itazame breki yenyewe. Ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari karibu na gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga, nacho kikasugua gurudumu la mbao ambalo nalo limevishwa mpira wa tairi. Basi. Nguvu yote ya kuzuia inatoka kwenye uzito wa mtu aliyekanyaga.

Sasa tupige hesabu. Chukua chombo, mzigo na dereva, jumla kilo 500. Kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, mlima unaivuta chukudu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50. Dereva wa kilo 60 akikanyaga kwa mwili wote, mpira mkavu utashika takribani kilo 40. Zinazobaki zinazuiwa na ukwaru wa barabara, kama upo. Yaani hata kukiwa kukavu yuko ukingoni. Mvua ikinyesha, mshiko wa mpira unaweza kupungua kwa nusu au zaidi, na hapo hakuna ustadi utakaomsaidia: chukudu itakwenda.

Kasi nayo ina hesabu yake, na ndiyo inayowadanganya wengi. Kwenye mteremko wa nusu ya huo, chukudu hiyohiyo ikienda kilomita 10 kwa saa, breki kavu itaisimamisha baada ya mita 13 hivi. Ikienda kilomita 20 kwa saa, itahitaji mita zaidi ya 50. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara nne. Kona za Masisi hazikupi mita 50 za kuona mbele.

Kwa hiyo kabla ya kushuka, simama mahali tambarare. Kanyaga breki kwa uzito wako wote, mwenzako asukume kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, usishuke. Kagua kipande cha tairi: kikiwa laini kama kigae, kikwangue kwa kisu mpaka kiwe na mikwaruzo, na kama misumari imeanza kuchomoza, kibadilishe. Kisha tikisa mzigo. Gunia likiteleza mbele na kulalia usukani, utakuwa umepoteza njia ya kupinda kabla ya kupoteza breki.

Mzigo ukizidi nguvu ya breki, punguza. Acha magunia mawili kwa mtu unayemwamini, ushuke mara mbili. Najua safari ya pili ni saa zilizopotea sokoni, na bei ya viazi haimsubiri mtu. Hata hivyo mguu uliovunjika huondoa mapato ya miezi. Njia nyingine ni kufunga kamba nyuma, wenzako wawili waivute kinyume huku mkishuka kwa miguu.

Mkishaanza, breki ianze kufanya kazi tangu hatua ya kwanza, wala usingoje mpaka uhisi upepo usoni. Mwendo mzuri ni ule ambao mtu anayetembea kando yako hakuachi. Kila penye tambarare, simama, tia jiwe mbele ya gurudumu, gusa mpira. Ukiwa wa moto na unanuka, subiri upoe. Kaa upande wa mlima, si wa bonde: breki ikikataa, ni afadhali uigongeshe chukudu kwenye ukuta wa udongo na kuruka. Usijaribu kamwe kuizuia kwa kuburuza mguu chini.

Kuelekea Walikale, ambako milima inaishia kwenye msitu na matope, pikipiki ndizo zinazobeba watu na mizigo. Kanuni ni ileile, ila hapa injini inakusaidia. Teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo. Wapo wanaozima injini au kushika klachi ili kuokoa petroli. Wanaokoa vijiko vichache na kuziachia breki kazi yote. Chagua gia kabla ya mteremko kuanza, bonyeza breki ya nyuma taratibu, na ile ya mbele iguse kidogo tu penye utelezi. Ukifika kwenye daraja la magogo lililolowa, maliza kupunguza mwendo ukiwa bado kwenye udongo, abiria ashuke avuke kwa miguu, nawe upite bila kugusa breki.