Ekseli ya Gari la Ng'ombe: Fundisho Kutoka Arusha



Msimu unakaribia, na swali moja limeletwa ofisini kwetu zaidi ya mara moja: gari la ng'ombe likivunjikiwa beringi katikati ya uchumaji, mwenyewe afanye nini? Swali hili si dogo. Karafuu iliyochumwa leo yataka kuchambuliwa na kuanikwa upesi. Ikilala imerundikwa magunini hupata joto na kuvunda, na ikikauka hutoka nyeupe yenye mikunjo, wala haitapimwa kwa bei ya daraja la kwanza. Basi ekseli iliyokwama njiani yaweza kumla mtu jasho la siku nzima.

Wengi wetu tunatumia ekseli kongwe za motokaa. Ni nzuri maadamu beringi zake zi nzima. Zikisha kufa, mtu hutafuta madukani beringi ya kipimo kile asiipate, na gari hukaa chini ya mwembe likiota kutu.

Wenzetu wa Arusha, chini ya mlima Meru, walikwisha kulifikiri jambo hili zamani. Huko kulikuwa na TAMTU, kituo cha serikali cha kupimia mashine za kilimo, na mafundi wake walitengeneza magari ya ng'ombe ambayo beringi zake ni za mti. Mwaka 1981 kituo kile kiliunganishwa na mradi mwingine wa Arusha, ikazaliwa CAMARTEC. Najua kuna atakayecheka: mti uchukue uzito wa chuma? Na asome kwanza.

Chagua mti mgumu, mzito, usiopasuka ovyo. Mpingo na msaji ni miti ya namna hiyo. Mti laini usiuguse. Chukua kipande kisicho na fundo wala ufa, ukikaushe kivulini. Kipimo chake hufuata ekseli: urefu wa tundu usipungue mara mbili ya unene wa ekseli, na mti unaolizunguka tundu usipungue unene mmoja kila upande. Ikiwa ekseli ni milimita 30, kipande kiwe na urefu wa milimita 60, na upana na kimo cha milimita 90. Toboa kwa keekee tundu dogo kuliko ekseli. Kipimo chenyewe kitakuja baadaye.

Sasa ndiyo siri ya kazi. Tia vipande katika debe la oili, hata oili chafu ya injini yafaa, uvikandamize kwa jiwe visielee, na utie moto wa pole pole. Utaona mapovu mengi yakitoka. Hayo ni maji na hewa ya ndani ya mti. Mapovu yakikatika, ondoa moto lakini vipande usivitoe; viache humo humo mpaka asubuhi. Oili inapopoa, mti huivuta ndani ikakaa mahali palipokuwa na maji. Fundi mwenye haraka akavitoa vingali vya moto amepoteza kuni zake bure.

Tahadhari kubwa hapa. Debe lisijazwe kupita nusu, kwa kuwa mti mbichi hufanya oili ifure na kumwagika motoni. Kazi hii ifanywe nje, mbali na makuti, na watoto wasikaribie. Weka ndoo ya mchanga karibu. Oili ikishika moto usiimwagie maji kabisa, maana huruka na kuunguza watu.

Vikipoa, toboa kipimo cha mwisho, kikubwa kidogo kuliko ekseli ili izunguke bila kubanwa. Toboa na kijitundu juu cha kutilia oili. Ekseli nayo isuguliwe kwa tupa laini na msasa mpaka ing'ae. Chuma chenye kutu hula mti kama msumeno.

Kabla ya kufungua gari, fungua ng'ombe kwanza, zuia gurudumu la pili kwa mawe, na uliegemeze gari juu ya magogo. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu atakayeingia chini.

Vibao hukazwa kwa bolti chini ya gari, na ekseli huzunguka pamoja na gurudumu. Magurudumu mawili yakikazwa juu ya ekseli moja, gari huwa zito kukata kona, na njia zetu za mashamba zimejaa kona. Ni bora ekseli iwe vipande viwili, kila gurudumu na chake, na kila kipande kishikwe na vibao viwili vilivyoachana na kupangwa sawasawa. Kikipinda kimoja, ng'ombe ndiye atakayelipa.

Beringi hii ni ya mwendo wa ng'ombe au punda. Mwenye tela la trekta, au mashine ya kupakia udongo, asijaribu. Mwendo wa haraka huuchoma mti, na huko beringi ya chuma haina badala.

Katika msimu tia matone ya oili kila asubuhi kabla ya kufunga ng'ombe, na ufute mchanga. Ukilitikisa gurudumu likacheza sana, tundu limepanuka; ondoa kibao, utie kipya. Kwa hiyo siku ya kuchemsha usichemshe vinne tu. Chemsha vinane, na vilivyobaki uvihifadhi ndani ya kopo la oili.

Katibu wenu