Dondoo Muhimu kwa Msafiri wa Gujarat
Jimbo la Gujarat, lililo magharibi mwa India na ambalo ndilo chimbuko la familia nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki, hutembelewa vyema kati ya Novemba na Februari, kwa kuwa Rann ya Kutch, yaani uwanda wa chumvi unaofurika wakati wa mvua za monsuni, huwa umekauka na kuwa mweupe. Hifadhi ya Gir, maarufu kwa simba wa Asia, hufungwa katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Katika Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote jimboni ingawa makao makuu ni Gandhinagar, mitaa ya kale iitwayo pol, yaani makazi yaliyosongamana nyuma ya lango moja, hufaa kuzungukwa kwa miguu asubuhi. Mwenye siku moja ya ziada afadhali aende Patan kuona Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11, kuliko kukimbilia sanamu ya Vallabhbhai Patel ya mita 182, ambayo ukubwa wake hudhihirika hata pichani. Pombe ni marufuku jimboni, isipokuwa kwa kibali maalumu.