Mafunzo Niliyopata Nikihesabu Ndege wa Ziwa Nakuru

Kila Januari kikundi cha watu wa kujitolea huingia Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru alfajiri, darubini shingoni, fomu mkononi na chai kwenye chupa, kuhesabu ndege wa majini. Kazi hii huongozwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ikishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na Nature Kenya, na imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hesabu zetu huingia katika sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967. Mimi si mtaalamu. Ni mkazi wa mjini tu, na haya ndiyo niliyoyaokota huko.

1. Flamingo hawahesabiwi mmoja mmoja

Mgeni akiona ufuko wote umegeuka waridi hucheka kwa kukata tamaa: nani atawamaliza hawa? Ziwa hili limewahi kuwa na zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Njia ni hii: unahesabu kumi wa kwanza kwa makini mpaka jicho lizoee eneo wanalochukua. Kumi hao unawapanga mpaka upate mia, na mia mpaka upate elfu, huku darubini ikienda polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Walioko mbali husongamana machoni, kwa hiyo kila unapofika kwenye kundi jipya unaanza tena na kumi. Watu wawili huhesabu kundi lilelile bila kuambiana. Wakitofautiana sana, wanarudia wote wawili. Kuchukua katikati ya makisio mawili mabovu ni uvivu uliovaa tai.

Kisha utenganishe flamingo mdogo na mkubwa. Usitegemee kimo, maana anayesimama kwenye maji ya kina hufupika. Tazama mdomo: wa mdogo ni mwekundu wa giza karibu wote, wa mkubwa ni waridi iliyopauka na ncha nyeusi.

2. Mwandishi ndiye nguzo ya kikosi

Anayehesabu haruhusiwi kutoa jicho kwenye darubini. Anataja, na mwandishi anarudia kwa sauti kabla ya kuandika.

“Kibisi mdogo, kumi na saba.”

“Kibisi mdogo, kumi na saba. Endelea, Mwalimu.”

Huandikwa kwa penseli, kwa kuwa umande wa asubuhi huuvuruga wino. Na yupo askari wa wanyamapori nyuma yetu ambaye hatazami ndege hata kidogo: anatazama nyati. Humu mna simba na vifaru pia, na mtu aliyeinamia darubini hana habari na kilicho mgongoni.

3. Mwari hamngoji mtu

Zamani ziwa hili halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliletwa perege wadogo wanaostahimili maji ya magadi, kwa nia ya kupunguza mbu, na ndege walao samaki wakafuata. Mwari weupe wamejulikana kuzalia visiwa vya Ziwa Elmenteita, jirani yetu, na kuruka kuja kuvua Nakuru. Ni wazito mno kupiga mabawa njia nzima. Husubiri ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, ndipo wazunguke nayo juu na kuteleza waendako. Ndiyo maana ufuko wenye mwari huhesabiwa mapema. Ukichelewa kwa kunywa chai, utahesabu mawingu.

Wakipita juu yetu kuelekea sehemu ya kikosi kingine, tunawapigia simu wenzetu. Ndege mmoja asiandikwe mara mbili.

4. Sifuri ni hesabu

Hili nimelielewa polepole kuliko yote. Tangu karibu mwaka 2010 ziwa limepanda na kupanda. Eneo lake, lililokuwa chini ya kilomita za mraba 40, limepita 60. Lango kuu la zamani lilimezwa na maji, na katika mitaa ya Mwariki na Barut watu walihama nyumba zao. Maji mengi yalipunguza makali ya magadi, mwani anaoula flamingo mdogo ukapungua, naye akaenda zake Ziwa Bogoria na kwingineko. Mahali tulipokuwa tukihesabu maelfu, ikafika asubuhi ambayo hakuna hata mmoja.

Kijana mmoja akauliza kama turuke mstari ule wa fomu. Hapana. Nafasi tupu humwambia msomaji kwamba hatukutazama; sifuri humwambia tulitazama, hawakuwapo. Atakayetaka kujua flamingo walihama lini ataihitaji sifuri ile kama anavyohitaji milioni. Wakati huohuo migunga iliyokufa majini imekuwa vituo vya mnandi, matawi yamepakwa kinyesi cheupe hadi shina. Ziwa halikufa, limebadilisha wapangaji.

5. Usizibe pua

Wageni hukimbilia ziwani na kuyakwepa mabwawa ya majitaka ya mji. Wanakosa mengi. Matope yenye rutuba yana wadudu wengi, na hapo ndipo utawakuta vitwitwi wadogo wanaozaa kaskazini kabisa mwa Urusi, bata wahamiaji, na kwarara wakichokora kingoni. Lakini ndege kujaa mahali si cheti cha usafi. Mifereji ya mvua ya Nakuru huteremka ziwani, na baada ya mvua kubwa nimeona chupa za plastiki nyingi kuliko kukuziwa.

6. Fomu zina kazi

Chini ya Mkataba wa Ramsar, ardhioevu inayohifadhi kwa kawaida ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya idadi yote ya aina fulani, inastahili kutambuliwa kimataifa. Nakuru iliingia orodhani mwaka 1990, ya kwanza nchini Kenya. Vigezo hivyo havithibitishwi kwa picha nzuri. Vinahitaji hesabu za miaka mingi, zilizofanywa kwa njia ileile.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021 na ujenzi unazidi kulikaribia ziwa. Kama unaishi hapa, ulizia mapema sensa ya Januari. Ukikosa darubini utaazimwa, na usipojua majina ya ndege utafundishwa. Wanaopungua kila mwaka ni waandishi, kwa hiyo njoo na penseli.