James Shields na Sheria ya Miaka Tisa

Katika Marekani kila jimbo, kubwa kwa dogo, hupeleka wajumbe wawili katika Seneti, baraza la juu la kutunga sheria. Mtu mmoja tu amepata kupelekwa huko na majimbo matatu mbalimbali, naye hakuzaliwa Marekani. Ni James Shields, mzaliwa wa Tyrone katika Ireland.

Alivuka bahari angali kijana, akafika Illinois, ambayo siku zile ilikuwa nchi ya mashamba mapya na miji michache. Alifundisha shule, kisha akawa wakili. Tarehe 21 Oktoba, 1840, aliandikwa kuwa raia. Msomaji aikumbuke tarehe hiyo.

Mwaka 1842, akiwa mkaguzi wa hesabu za jimbo, aliwaagiza watoza kodi wasipokee noti za Benki ya Jimbo, kwani benki hiyo ilikuwa imeanguka. Wakulima, ambao hawakuwa na fedha nyingine, walinung'unika sana. Gazeti la Springfield likatoa barua za kumdhihaki, na aliyekiri kuwa mwandishi ni Abraham Lincoln, yule aliyekuwa Rais baadaye. Shields, mtu mwepesi wa hasira, akamwita wapigane. Lincoln akachagua panga ndefu za askari wa farasi, maana mikono yake ilikuwa mirefu mno! Walivuka mto Mississippi, kwa kuwa sheria ya Illinois ilikataza mapigano hayo, lakini rafiki zao wakawapatanisha kabla damu haijamwagika.

Katika vita vya Mexico, mwaka 1847, Shields alipigwa risasi ikapenya kifua chake huko Cerro Gordo. Wengi walidhani atakufa. Akapona, akarudi na sifa kuu. Siku hizo wajumbe wa Seneti walichaguliwa na bunge la jimbo, na bunge la Illinois likamchagua yeye. Machi 1849 akaingia barazani.

Ndipo hesabu ilipofanywa. Katiba yataka mjumbe wa Seneti awe amekuwa raia muda wa miaka tisa, naye alikuwa amemaliza minane na miezi mitano hivi. Wenziwe walijua jeraha lake, na chama chake ndicho kilichokuwa na wajumbe wengi. Hata hivyo tarehe 15 Machi uchaguzi wake ulitangazwa kuwa batili. Akarudi Illinois. Mwishoni mwa Oktoba, siku chache baada ya miaka tisa kutimia, alichaguliwa tena, akakaa barazani hata 1855.

Baadaye alihamia Minnesota, akawakalisha Wairishi wenziwe katika ardhi iliyotoka mikononi mwa Wadakota kwa mikataba ya 1851 (Wadakota wenyewe waliilalamikia sana). Minnesota ilimpeleka Seneti mwaka 1858. Jimbo la tatu, Missouri, lilimpeleka Januari 1879, kwa majuma machache tu ya kumaliza muda wa marehemu. Alifariki tarehe 1 Juni mwaka huohuo, akazikwa Carrollton, Missouri, karibu na shamba lake.