Mfahamu Tomboro, Ndege Anayefuata Mvua

Mvua ya Gu ikinyesha Sangailu na nyasi kuota, huenda mchungaji akashtuliwa na ndege mdogo wa mviringo anayefyatuka karibu na miguu ya mbuzi, akaruka chini chini na kutua tena nyasini. Huyo ni tomboro. Wakenya wengi humwita kware, jina ambalo huchanganywa na la kwale, ndege mkubwa zaidi ambaye huonekana mahali pamoja mwaka mzima.

Tomboro hana makao ya kudumu. Husafiri usiku kufuata mvua, kwa kuwa mvua huleta mbegu za nyasi na wadudu. Nyasi zikikauka, huondoka. Uzito wake haufiki gramu 100. Dume ana kifua cheusi na koo jeupe lenye mistari myeusi; jike ana rangi ya kahawia yenye madoa, na akitulia ni vigumu kumwona hata ukiwa hatua mbili tu kutoka alipo.

Kujificha huko ndiko kinga yake, maana hatagi mtini. Jike hukwaruza kishimo kifupi chini ya kichaka cha nyasi, akatandika majani machache na kutaga mayai 4 hadi 8. Huyaatamia kwa muda wa siku 14 hadi 18. Vifaranga huondoka kiotani mara tu baada ya kuanguliwa, wakimfuata mama yao kutafuta wadudu.

Kwa hiyo hatari kubwa ni ya majuma hayo machache. Moto wa nyasi huteketeza mayai yote, na mara nyingi msimu huisha kabla jike hajataga tena. Mchungaji akimwona jike akiruka kutoka sehemu ile ile mara mbili, aelekeze mifugo upande mwingine. Anayekata nyasi za kuezekea au za lishe atazame kwanza chini ya kichaka.

Huko Siaya, ambako ndege huyu huitwa aluru, wategaji huweka tomboro katika vikapu vilivyoning'inizwa juu ya mti mrefu ili wito wao uwavute wenzao wanaopita. Wanaonaswa hivyo ni wale wale waliokuja kuzaana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda wanyamapori kwa kitoweo na kuuza nyama yao. Anayetaka kufuga ndege wa porini sharti kwanza apate kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.