Mwanangu huandika "goma" badala ya "ngoma"

*Mwanangu wa darasa la pili husoma vizuri, lakini huandika "goma" badala ya "ngoma". Je, ni uvivu? Mama, Morogoro.*

Hapana, mama, si uvivu. Watoto huanza na silabi nyepesi: ba, be, bi. Katika "ngo", sauti ya puani hupita haraka, na sikio changa huiruka. Utasema anakili maneno mara nyingi; lakini kunakili huzoeza mkono, ilhali tatizo liko kwenye kusikia. Mtamkie "goma" na "ngoma", "buni" na "mbuni"; aeleze tofauti, kisha aandike. Dakika kumi kwa siku zatosha, bila kumkaripia. Hali isipobadilika baada ya muhula mmoja, zungumza na mwalimu wake, naye apimwe masikio.